Namna ya kuandika prosija za RPG zinazotumiwa na programu nyingi

Tulipoanza kuwatumia wakulima wa zabibu ujumbe wa simu baada ya kila malipo, tuligundua kwamba mkulima mmoja wa Hombolo anaweza kuwa na namba ileile iliyoandikwa kwa namna nne: moja inaanza na 0, nyingine na 255, nyingine na +255, na ya nne ina nafasi kila baada ya tarakimu tatu. Programu ya usajili ilikuwa na njia yake ya kusafisha namba. Ya malipo ilikuwa na yake. Ya mikopo ya pembejeo ilinakiliwa kutoka ile ya malipo, kisha mtu akarekebisha huku akasahau kule. Nilikaa nikahesabu: kazi hiyohiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya programu kumi na moja, na hakuna mbili zilizofanana kabisa.

Dawa yake ni kuiandika kazi hiyo mara moja, kama prosija (fungu la msimbo lenye jina, linalopokea vitu na kurudisha jibu), na kuiweka mahali ambapo kila programu inaweza kuiita. Katika RPG, lugha ya IBM ya kuandikia programu za biashara, mahali hapo panaitwa programu ya huduma (service program). Naeleza hapa jinsi ya kuijenga tangu mstari wa kwanza. Nakaa zaidi kwenye orodha ya majina yanayotolewa nje, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huumia, na mimi niliumia hapo.

Nachukulia kwamba una mashine ya IBM i, ile ambayo wengi bado tunaiita AS/400 kwa jina la mwaka 1988, na kwamba unaandika RPG IV kwa mtindo huru, usiofungwa na safu. Kama programu zako bado ni za RPG III, zigeuze kwanza kwa amri ya CVTRPGSRC, kwa kuwa RPG ya zamani haiwezi kuita prosija moja kwa moja. Vijana wengi niliofanya nao kazi hapa Dodoma wametoka chuoni na Java au Python, na RPG wameikutia ofisini. Kwao prosija si kitu kigeni, ni fankisheni ile wanayoijua. Wenye kazi ya kubadilisha mazoea ni sisi tuliokulia kwenye sabrutini za BEGSR.

Tofauti yenyewe ni hii. Sabrutini haina parameta wala jibu. Inagusa vigeuzi vyote vya programu iliyomo, kwa hiyo ukitaka kuihamisha lazima uhame na nusu ya programu. Prosija ina mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea, na vigeuzi vyake vya ndani huanza upya kila inapoitwa. Ndiyo maana inaweza kuhama nyumba.

Hatua ya kwanza: chagua kinachostahili

Usikimbilie kugeuza kila kitu. Mimi natazama mambo mawili. Kwanza, je, kazi hii inafanyika kwenye programu mbili au zaidi? Pili, je, naweza kuieleza kwa sentensi moja isiyo na neno "halafu"? "Safisha namba ya simu" inapita. "Safisha namba ya simu halafu mwandikie mkulima halafu funga siku" haipiti. Hizo ni prosija tatu.

Prosija ya kushirikiana isifungue skrini, na isimwonyeshe mtumiaji ujumbe. Programu ya usiku itakapoiita saa nane hakuna mtu mbele ya skrini, na jobu (kazi inayoendeshwa na mashine) itakaa ikisubiri mtu abonyeze Enter hadi asubuhi. Irudishe jibu tu. Aliyeiita ndiye ataamua la kusema.

Na viwango vya fedha visiandikwe ndani yake. Ushuru wa mazao hubadilika, nauli ya kubeba kreti kutoka Mpunguzi hadi mjini hubadilika. Asilimia ije kama parameta, isomwe kutoka kwenye faili ambalo mhasibu anaweza kulirekebisha bila kukuita.

Hatua ya pili: andika prototaipu kwenye memba yake

Prototaipu ni tangazo la jina la prosija, inapokea nini na inarudisha nini. Iandike mara moja kwenye memba (hati moja ndani ya faili la msimbo) ya peke yake, na kila programu iinakili kwa /copy. Ukiiandika upya ndani ya kila programu umerudi kwenye ugonjwa uleule wa nakala kumi na moja.

Memba HUDUMAPR, ndani ya faili QCPYSRC:

```
**free
/if defined(HUDUMAPR)
/eof
/endif
/define HUDUMAPR

// Hupokea namba ya simu kwa mwandiko wowote.
// Hurudisha tarakimu 12 zinazoanza na 255, au tupu kama namba haifai.
dcl-pr SafishaSimu varchar(12);
  ghafi varchar(30) const;
end-pr;

// Hurudisha ushuru kwa shilingi nzima.
dcl-pr KatoUshuru packed(13:0);
  kiasi packed(13:2) const;
  kiwango packed(5:2) const;
end-pr;
```

Ile **free ya juu usiidharau. Hata kama programu yako inaanza na **free, memba inayonakiliwa husomwa kwa mtindo wa safu za zamani mpaka nayo ijitangaze. Nimeona mtu akipoteza alasiri nzima kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Neno const nalo lina kazi mbili. Linaahidi kwamba prosija haitabadilisha ulichompa, na linamruhusu mwitaji kupitisha kitu kisicholingana kwa urefu, kwa mfano uga wa herufi 15, bila kuhangaika. Nisipokuwa na sababu ya kutoliweka, naliweka.

Hatua ya tatu: andika moduli

Memba SIMU, ndani ya QRPGLESRC:

```
**free
ctl-opt nomain;

/copy QCPYSRC,HUDUMAPR

dcl-proc SafishaSimu export;
  dcl-pi *n varchar(12);
    ghafi varchar(30) const;
  end-pi;

  dcl-s safi varchar(30);
  dcl-s herufi char(1);
  dcl-s i int(10);

  // baki na tarakimu tu
  for i = 1 to %len(ghafi);
    herufi = %subst(ghafi : i : 1);
    if herufi >= '0' and herufi <= '9';
      safi += herufi;
    endif;
  endfor;

  // mwandiko wa nyumbani: 0 na tarakimu tisa
  if %len(safi) = 10 and %subst(safi : 1 : 1) = '0';
    safi = '255' + %subst(safi : 2);
  endif;

  if %len(safi) = 12 and %subst(safi : 1 : 3) = '255';
    return safi;
  endif;

  return '';
end-proc;
```

Neno nomain linamwambia kompaila kwamba moduli hii haina programu kuu, ni prosija tupu. Neno export ndilo linalofungua mlango wa nje. Prosija isiyo na export inaonekana ndani ya moduli yake tu, na hiyo ni faida: kazi ndogondogo za ndani zifiche, ubaki na uhuru wa kuzibadilisha bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Utauliza kwa nini moduli yenyewe inanakili prototaipu yake. Ni ili kompaila alinganishe. Ukibadilisha parameta kwenye prosija ukasahau kwenye HUDUMAPR, atakugomea hapohapo, na wakulima hawatajua kwamba kulikuwa na kosa.

Memba ya pili, MAKATO, inaanza vilevile, na prosija yake ni hii:

```
dcl-proc KatoUshuru export;
  dcl-pi *n packed(13:0);
    kiasi packed(13:2) const;
    kiwango packed(5:2) const;
  end-pi;

  dcl-s jibu packed(13:0);

  eval(h) jibu = kiasi * kiwango / 100;
  return jibu;
end-proc;
```

Tazama ile (h). Asilimia 2 ya shilingi 12,345 ni 246.9. Bila (h) RPG inakata desimali na kukupa 246, ukiiweka unapata 247. Programu moja ikiwa nayo na nyingine ikiwa haina, vitabu havitalingana kwa shilingi moja moja, na mhasibu atakesha akizitafuta. Hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuwa na prosija moja ya hesabu. Inaweza kukosea, lakini itakosea kwa wote sawasawa, na itarekebishwa mara moja.

Ukifungua faili ndani ya moduli ya nomain, ujue kwamba *INLR, ile alama ya kumaliza programu, haitalifunga. Faili na vigeuzi vya juu ya moduli hubaki hai mpaka kundi la uamilisho (activation group, eneo ambamo programu huendeshwa ndani ya jobu) lifungwe. Mimi naepuka vigeuzi vya juu kabisa kwenye moduli za kushirikiana.

Kompaili zote mbili kama moduli. Ukiwa kwenye PDM, skrini ya kusimamia memba, ni chaguo la 15, si la 14. Kwa amri:

```
CRTRPGMOD MODULE(WAKULIMA/SIMU) SRCFILE(WAKULIMA/QRPGLESRC) DBGVIEW(*SOURCE)
CRTRPGMOD MODULE(WAKULIMA/MAKATO) SRCFILE(WAKULIMA/QRPGLESRC) DBGVIEW(*SOURCE)
```

Hatua ya nne: orodha ya majina yanayotoka nje

Hapa twende polepole. Kwenye faili QSRVSRC tengeneza memba HUDUMA yenye mistari hii:

```
STRPGMEXP PGMLVL(*CURRENT) SIGNATURE('HUDUMA')
  EXPORT SYMBOL('SAFISHASIMU')
  EXPORT SYMBOL('KATOUSHURU')
ENDPGMEXP
```

Majina ni kwa herufi kubwa kwa sababu RPG huyageuza hivyo yenyewe yanapotoka nje. Ukiweka SafishaSimu ndani ya alama za nukuu, mfumo utakuambia haijui.

Sasa lililo muhimu. Programu inayoita prosija hizi haikumbuki jina. Jina hutumika siku ya kufunga tu, yaani kuiunganisha programu na prosija. Baada ya hapo programu inakumbuka nafasi kwenye orodha: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ni kama S.L.P. pale posta. Barua inaingia sanduku namba 2, na posta haiulizi kama mwenye sanduku amebadilika.

Kinacholinda mpango huo ni saini, yaani alama ya kuitambulisha orodha. Programu ikianza, mfumo unalinganisha saini iliyobebwa na programu na ile iliyo kwenye programu ya huduma. Zisipolingana inaanguka kwa kosa la MCH4431. Usipoandika SIGNATURE wewe mwenyewe, mfumo huitengeneza kutokana na majina na mpangilio wake, kwa hiyo ukiongeza prosija moja tu saini inabadilika na programu zote za zamani zinaanguka mpaka zifungwe upya, isipokuwa umehifadhi orodha ya zamani chini ya *PRV, sehemu ya orodha zilizopita. Ukiiandika mwenyewe, kama nilivyofanya hapo juu, saini haibadiliki kamwe. Unaongeza prosija na programu za zamani zinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini hapo mlinzi umemwondoa, na kazi yake umeichukua wewe.

Msimu mmoja niliongeza prosija ya KatoUsafiri. Ilipokea namba mbili zilezile kwa aina, uzito na shilingi kwa kilo, ikazidisha. Nilipenda majina ya makato yakae kwa alfabeti, basi nikaandika KATOUSAFIRI juu ya KATOUSHURU. Ilikompaili vizuri. Niliijaribu programu yangu mpya, ikafanya kazi. Programu ya malipo sikuigusa, kwa kuwa sikuwa nimebadilisha chochote chake.

Asubuhi yake mzee mmoja alikuja dirishani na stakabadhi. Zabibu zake zilikuwa za shilingi 450,000. Ushuru wa asilimia 2 ulipaswa kuwa 9,000. Karatasi ilisema makato 900,000. Nilimwamkia, akaitikia, akaiweka ile karatasi mbele yangu akaigonga kwa kidole: "Mwanangu, hapa nimeuza au nimenunua?"

Programu ya malipo ilikuwa imeita sanduku namba 2, kama ilivyozoea, ikampata KatoUsafiri, ambaye alizidisha 450,000 kwa 2 bila kugawa kwa mia. Aina za parameta zilifanana, saini ilifanana, mfumo haukuona kosa. Tuliomba radhi, tukasimamisha malipo ya siku ile, na zile stakabadhi nikazirekebisha moja moja.

Tangu siku hiyo naandika maneno haya juu ya kila orodha, na nakuomba nawe uyaandike:

```
/* ONGEZA CHINI TU. USIPANGE UPYA. USIFUTE. */
```

Prosija isiyotumika tena iache mahali pake, irudishe tupu. Kuna wenzangu wanaopendelea kuiacha saini itengenezwe na mfumo, bila *PRV, kwa sababu pale kosa kama langu lingelipuka kwa MCH4431 badala ya kupita kimya, na hoja yao ina uzito, hasa mkiwa wengi mnaogusa orodha moja. Kwa ofisi ya watu wawili watatu nabaki na saini ya kudumu, na orodha haiguswi na mtu mmoja bila mwingine kuisoma.

Hatua ya tano: jenga programu ya huduma na saraka yake

```
CRTSRVPGM SRVPGM(WAKULIMA/HUDUMA) MODULE(WAKULIMA/SIMU WAKULIMA/MAKATO)
          EXPORT(*SRCFILE) SRCFILE(WAKULIMA/QSRVSRC) ACTGRP(*CALLER)
CRTBNDDIR BNDDIR(WAKULIMA/HUDUMA)
ADDBNDDIRE BNDDIR(WAKULIMA/HUDUMA) OBJ((*LIBL/HUDUMA *SRVPGM))
```

*CALLER maana yake programu ya huduma inaishi kwenye kundi la uamilisho la aliyeiita na kufa nalo. Kwa prosija za kawaida ndicho unachotaka.

Kwenye saraka (binding directory, orodha inayomwonyesha kompaila pa kutafuta prosija) nimeweka *LIBL badala ya jina la maktaba ili programu itafute HUDUMA kwenye orodha ya maktaba wakati wa kufanya kazi. Hivyo maktaba ya majaribio ikikaa juu, programu ileile inajaribu toleo jipya bila kukompailiwa tena. Ukilipigilia jina la maktaba hapa, utajaribu kwenye majaribio huku ukiita ya kazini.

Thibitisha kwa DSPSRVPGM SRVPGM(WAKULIMA/HUDUMA) DETAIL(*PROCEXP). Uone majina yako mawili.

Hatua ya sita: iite

```
**free
ctl-opt dftactgrp(*no) actgrp('WAKULIMA') bnddir('HUDUMA');

/copy QCPYSRC,HUDUMAPR

dcl-s simu varchar(12);

simu = SafishaSimu('0 na tarakimu nyingine');
if simu = '';
  dsply 'Namba haifai';
endif;

*inlr = *on;
```

Kwa ctl-opt yenye actgrp au bnddir kompaila za sasa huichukulia dftactgrp(*no) zenyewe, lakini mimi naiandika wazi. Anza na programu ndogo kama hii, uipe kila mwandiko unaoujua: wenye alama ya kujumlisha, wenye nafasi, wenye mistari ya kati, uliopungua tarakimu, uga mtupu. Ndipo uende kwenye zile programu kumi na moja, moja kwa siku. Katika kila moja futa msimbo wa zamani kabisa. Usiufunge kwenye maoni, kwa sababu kuna siku mtu ataufungua.

Ukihitaji kubadilisha baadaye

Kurekebisha tumbo la prosija hakuna shida: kompaili moduli, kisha UPDSRVPGM SRVPGM(WAKULIMA/HUDUMA) MODULE(WAKULIMA/SIMU). Wanaoita hawaguswi. Kuongeza parameta ndiko kunakohitaji adabu. Iweke mwishoni, na iwe ya hiari, kwenye prototaipu na kwenye prosija pia:

```
kikomo packed(13:0) const options(*nopass);
```

Kabla ya kuigusa, uliza kama imekuja:

```
if %parms >= %parmnum(kikomo) and jibu > kikomo;
  jibu = kikomo;
endif;
```

Ukigusa kikomo bila kuuliza, programu za zamani zitasoma takataka za kumbukumbu au zianguke. Kubadilisha aina ya parameta iliyopo, au urefu wa jibu, usifanye. Andika prosija mpya yenye jina jipya, iweke chini ya orodha, na programu zihamie huko taratibu.

Na siku ya kuweka toleo jipya kazini, kumbuka jobu zilizokwisha kuanza. Ukijenga upya kwa CRTSRVPGM, kitu cha zamani huhamishiwa kwenye maktaba ya QRPLOBJ, na jobu iliyokwisha kukishika inaendelea kukitumia. Kwa hiyo karani aliyeingia asubuhi ataona tabia ya zamani mpaka atoke na kuingia tena, na jobu ya kutuma ujumbe inayokesha kwenye mfumo haitaona mabadiliko hata wiki ikipita, mpaka uisimamishe na kuiwasha. Mimi hufanya mabadiliko jioni makarani wakishafunga madirisha, naisimamisha ile jobu ya ujumbe kwa mkono, naiwasha, kisha natuma namba yangu mwenyewe kwa miandiko yote minne na kusubiri simu ilie mara nne.